Wazee na Manunuzi ya Mtandaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wazee wenyewe, na watoto wao pia wanakaribishwa kuusoma. Nimeuandika nikiamini jambo moja: mtu aliyeendesha nyumba, akasomesha watoto na kupatana bei sokoni kwa miaka mingi anaweza kununua kwa simu yake mwenyewe, kwa fedha yake mwenyewe, kitu alichokichagua mwenyewe. Anachohitaji ni kuelezwa taratibu. Maelezo mengi ni ya Tanzania, ila mahali ambapo mambo ya Kenya ni tofauti nimeyataja.

Nimeshapita miaka sabini. Si nimechelewa kujifunza mambo haya?

Hujachelewa. Sehemu kubwa ya kazi unaijua tayari. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008. Aliyekuwa na miaka 55 wakati huo leo ni mtu wa sabini na kitu, na muda wote huo amekuwa akituma na kupokea pesa kwa simu, akinunua umeme na kulipa ada za wajukuu. Manunuzi ya mtandaoni yanaongeza mambo mawili tu: bidhaa unaiona kwenye picha, na unasubiri mtu akuletee.

Hata kuagiza kitu ambacho hujakishika hatukuanza jana. Watu wa mikoani walikuwa wakimwagiza ndugu anayekwenda Dar, au dereva wa basi wanayemfahamu: niletee sufuria ya ukubwa huu, niletee kitambaa cha rangi ile. Tuliagiza kwa sababu tulimjua tunayemwagiza. Shikilia hapo hapo. Kwanza mjue muuzaji, bidhaa itafuata.

Faida yake ni ipi hasa, maana sokoni nimeshazoea?

Chukulia safari ya Kariakoo kwa mtu mwenye goti bovu. Daladala la kugombania, jua, msongamano wa mtaa wa Kongo, ngazi za majengo yenye maduka hadi ghorofa za juu, choo cha kutafuta, kisha mzigo wa kubeba au kijana wa mkokoteni wa kumlipa. Ukijumlisha nauli ya kwenda na kurudi na bajaji ya kukufikisha nyumbani, mara nyingi gharama ya kuletewa kitu mlangoni inakuwa ndogo kuliko hiyo. Na kuna wazee ambao hata wakiwa na nguvu hawawezi kutoka: anayemuuguza mwenzake, anayelea wajukuu, anayerudi kliniki kila wiki. Hao simu imewarudishia uhuru wa kununua wanachotaka bila kumwomba mtu.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Dukani muuzaji anakusimamia, anakuharakisha, na mtu mwenye haya anaweza kununua ili aondoke tu. Ukiwa nyumbani unaangalia bei kwa watu watatu, unalala, kesho unaamua.

Pamoja na hayo sikushauri uache soko. Soko ni mahali pa kusalimiana na kujua nani anaumwa na nani ameoza binti. Maoni yangu ni haya: vitu vizito na visivyobadilika agiza uletewe, kama mtungi wa gesi wa kilo 15, gunia la mchele, maji ya kunywa, sabuni ya katoni. Nyanya, mchicha na samaki kavichague mwenyewe gengeni, macho na vidole vyako vinajua zaidi ya picha yoyote.

Watu wananunua wapi?

Inategemea nchi. Jumia, kampuni iliyoanzia Lagos mwaka 2012, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, lakini Kenya na Uganda bado ipo. Kwa hiyo mzee wa Nairobi au Mombasa anaweza kuagiza kwenye duka kubwa la mtandaoni kama Jumia au Kilimall na kwenda kuchukua mzigo kwenye kituo kilicho karibu naye. Tanzania biashara kubwa iko mikononi mwa wafanyabiashara wenyewe: wana ukurasa Instagram, wanaweka bidhaa kwenye stetasi ya WhatsApp, wanaandika "mikoani tunatuma", na mengine yote ni mazungumzo. Ipo pia Jiji, ambako watu huuza vipya na vilivyotumika, na Kikuu, ambayo bidhaa zake nyingi hutoka China na huchukua muda kufika.

Kwa mtu anayeanza, napenda zaidi WhatsApp. Unaongea na mtu, unaweza kumtumia sauti badala ya kuandika, na akijibu ovyo unajua mapema ni mtu wa namna gani.

Nitamtambuaje muuzaji wa kweli?

Anza na uliowaona kwa macho. Duka unalolinunulia siku zote, mama wa vitenge wa mtaani kwako, fundi wako wa viatu, wengi wao sasa wako WhatsApp. Waombe namba. Mduara huo peke yake unatosheleza mahitaji mengi ya nyumba, na ukitapeliwa unajua pa kwenda kugonga.

Ukitoka nje ya mduara huo, fanya kazi kidogo. Ukurasa wake una muda gani? Ulioanzishwa mwezi uliopita na tayari una picha mia za friji za bei ya kutupwa, uache. Angalia maoni ya wanunuzi chini ya picha, na kama ameyafunga watu wasiandike, jiulize anazuia nini. Mpigie simu ya kawaida usikie sauti yake. Kisha mwombe video fupi ya kitu hicho hicho unachokitaka, akitaja jina lako au tarehe ya leo. Mwenye bidhaa atafanya, hata kama atanung'unika kidogo. Aliyeiba picha za duka la mwenzake hawezi, atakuletea maneno mengi.

Bei nayo inasema. Ikiwa simu inayouzwa kwa laki nne kila mahali huyu anaiuza laki moja na nusu kwa sababu "anahama nchi", hakuna simu.

Nilipe kabla au baada ya kupokea?

Baada, kila inapowezekana. Ukiwa mji mmoja na muuzaji, sharti lako liwe hilo: bodaboda alete, ufungue, uangalie, uwashe kama ni cha umeme, ndipo ulipe. Usione haya kumweka kijana wa bodaboda kwenye kiti akusubiri. Mpe maji ya kunywa, lakini fungua boksi. Wauzaji wengi wa mjini wanakubali utaratibu huu, na wengine huomba nauli ya bodaboda tu itangulie. Nauli ni hela ndogo, hiyo unaweza kukubali kwa mtu uliyemchunguza.

Mzigo wa mkoani ni habari nyingine, kwa kuwa muuzaji naye anaogopa. Hapo ndipo kumjua mtu kunapolipa. Kama humjui kabisa, anza na kitu cha bei ndogo. Akikitimiza vizuri, agiza kikubwa zaidi safari ijayo. Au mtafute mtu wako aliye mji ule aende dukani alipe kwa niaba yako na kuukagua mzigo kabla haujafungwa. Ndugu hawakosekani Dar.

Ukilipa, lipa kwa namba ya biashara: Tanzania ni Lipa Namba, Kenya ni namba ya Lipa na M-Pesa. Kabla malipo hayajakamilika, simu itakuonyesha jina la anayepokea. Lisome kwa sauti. Kama duka linaitwa kwa jina moja na namba ina jina jingine kabisa, simama uulize. Hata akiwa na jibu zuri, kulipa si lazima siku hiyo.

Na ujumbe wa malipo usiufute. Ndio risiti yako.

Nimetuma pesa kwa namba isiyo sahihi. Nifanye nini?

Fanya haraka, usianze kubembelezana na aliyepokea. Tanzania piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, uwape namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe. Kenya, kwa M-Pesa, peleka ule ujumbe wa muamala kwenda 456. Pesa ikiwa bado haijatolewa, kuna matumaini. Kila dakika ina maana hapa.

Napata ujumbe "ile pesa tuma kwenye namba hii". Ni wa nani?

Ni wa matapeli, na umewapata watu wengi kwa sababu unafika wakati mtu kweli anasubiri kumtumia mtu pesa. Ukiwa mnunuzi wa mtandaoni, hatari inaongezeka: leo umeagiza viatu, kesho unapokea ujumbe huo, unadhani ni muuzaji. Jiwekee utaratibu kwamba namba ya kulipia unaichukua kwenye mazungumzo yako na muuzaji tu, au unampigia yeye kuthibitisha.

Kuna hila nyingine ambazo wazee wanakutana nazo sana. Mtu anakupigia kusema mzigo wako umekwama bandarini au uwanja wa ndege, tuma ushuru ndipo uachiwe, wakati hukuagiza kitu nje ya nchi. Mwingine anajifanya mtu wa kampuni ya simu, anataka umsomee tarakimu zilizoingia kwenye simu yako. Tarakimu hizo ni ufunguo wa WhatsApp yako au wa pesa zako. Hakuna mfanyakazi wa benki, wa mtandao wa simu wala wa duka anayezihitaji. Mwingine anakutumia ujumbe unaofanana na wa muamala, kisha anapiga akilia kwamba ametuma kimakosa, umrudishie. Angalia salio lako kwanza.

Tanzania, ujumbe wa kitapeli na namba ya aliyeutuma vipelekwe kwenda 15040, bure. Pia piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukiiona usiyoijua, nenda ofisi za mtandao husika ikaondolewe.

Na kwa watoto: mzazi akitapeliwa, msimgombeze. Mzee aliyegombezwa mara moja hataeleza mara ya pili, na mara ya pili huwa kubwa zaidi.

Macho yangu hayaoni vizuri na vidole vinatetemeka. Nitaweza?

Simu inaweza kurekebishwa, ila wengi hawajaambiwa. Kwenye mipangilio, upande wa onyesho la skrini, kuna ukubwa wa maandishi. Uongeze hadi usome bila kukunja uso. Lugha ya simu nzima unaweza kuibadili iwe Kiswahili. Na kama kuandika ni tabu, kibodi ya Google ina alama ya maikrofoni. Tangu 2017 inaelewa Kiswahili, cha Kenya na cha Tanzania. Unasema "nataka shuka ya sita kwa sita rangi ya bluu" nayo inaandika.

Anayetetemeka vidole aiweke simu mezani badala ya kuishika, na atumie kidole kimoja cha mkono ulio imara zaidi. Picha ya bidhaa ikuze kwa vidole viwili, kisha isome yote, hasa maandishi madogo ya pembeni ambako huandikwa "iliyotumika". Miwani ya kusomea iwe karibu, na mwanga wa kutosha. Usinunue kitu ukiwa umelala kitandani taa imezimwa.

Nguo, kanga na viatu havinitoshi nikiagiza. Nipime vipi?

Kwa viatu, simama juu ya karatasi, mtu akuchoree mguu kwa kalamu iliyosimama wima, upime urefu kwa sentimita. Fanya jioni, maana miguu ya watu wazima huvimba kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kilichotosha asubuhi kinaweza kubana usiku. Pima miguu yote miwili utumie kipimo cha mkubwa. Mtumie muuzaji sentimita pamoja na namba unayovaa, kwa kuwa namba za viatu hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda. Mwenye kisukari asibahatishe hata kidogo. Kidonda cha kiatu kinachobana kinaweza kumgharimu mguu, kwa hiyo viatu vyake vya kutembelea ni afadhali akavijaribu dukani.

Kanga ni raha kununua mtandaoni kwa kuwa ukubwa hauna ugomvi. Lakini omba picha ya doti ikiwa imekunjuliwa, jina lisomeke lote, usije ukampelekea mkwe wako maneno ambayo hukuyakusudia. Kitenge uliza ni yadi ngapi, na kama rangi inachuja. Kwa gauni la kushonwa, mpe muuzaji vipimo vya gauni lako linalokukaa vizuri, lililolazwa kitandani, badala ya vipimo vya mwili.

Je, dawa na vifaa vya kupimia nyumbani?

Hapa niwe mkali kidogo. Dawa za presha, sukari au moyo zisinunuliwe kwa mtu wa Instagram wala kundi la WhatsApp, hata kama aliyekupa namba ni shemeji yako. Nunua kwenye famasi iliyosajiliwa. Tanzania famasi husajiliwa na Baraza la Famasi, na dawa na vifaa tiba husimamiwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kenya msimamizi ni Pharmacy and Poisons Board. Famasi yako ya siku zote ikikuletea dawa nyumbani baada ya kuona cheti cha daktari, hilo ni jambo jema, litumie. Anayekuuzia unga au maji ya "kumaliza kisukari kabisa" na kukuambia uache vidonge anahatarisha maisha yako.

Vifaa vya kupimia ni sawa kuagiza ukijua unachotaka. Kipimo cha presha chagua cha kufunga juu ya kiwiko. Vile vya kufunga kwenye kifundo cha mkono hukosea kirahisi mkono usipokuwa usawa wa moyo. Pima mzunguko wa mkono wako wa juu kwa futi ya fundi cherehani: kitambaa cha kawaida cha kipimo, kile kinachofungwa mkononi, huwa cha sentimita 22 hadi 32, mkono mnene zaidi unahitaji kikubwa, la sivyo kitakuonyesha presha ya juu kuliko uliyonayo. Kikifika, nenda nacho kliniki siku ya miadi, mkilinganishe na cha muuguzi.

Mashine ya sukari ina mtego wake. Mashine yenyewe inaweza kuwa rahisi, lakini vijiti vyake vya kupimia damu havibadilishani na vya mashine nyingine, na ndivyo utakavyonunua mwaka mzima. Kabla hujaagiza, uliza famasi ya karibu kama wanauza vijiti vya aina hiyo na kwa bei gani. Vijiti vikifika, soma tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kulipa.

Mtaa wangu hauna alama. Bodaboda atanipataje?

Mtumie mahali ulipo kupitia WhatsApp ukiwa nyumbani, kisha mwongeze kitu cha kuonekana: msikiti, kisima, duka la Mangi, geti la kijani. Kama hutaki wageni wajue unapoishi, hasa ukiwa peke yako, mwambie alete dukani kwa jirani unayemwamini mkutane hapo.

Mzigo unaokuja kwa basi, mwambie muuzaji aandike jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, akutumie picha ya risiti, namba ya basi na simu ya ofisi yao ya mwisho wa safari. Uliza pia gharama ya usafiri amelipa yeye au utalipa wewe unapopokea. Na uliza basi linafika saa ngapi, mzee asiende kukaa stendi usiku akisubiri boksi ambalo lingekaa salama ofisini hadi asubuhi.

Mwanangu yuko Uingereza, anasema ataniagizia kila kitu yeye. Nikubali?

Mshukuru, ukubali baadhi. Watoto walio Oman, Ulaya na Marekani wanaweza kulipa kutoka huko na mzigo ukafika mlangoni kwako, na kwa mambo makubwa kama friji au kiti cha magurudumu ni msaada wa kweli. Ila mzazi anayeletewa kila kitu bila kuulizwa hujikuta anakula unga asioupenda na kuvaa rangi ambazo hakuchagua. Mwombe akutumie picha kabla hajalipa. Na vitu vidogo vyako, akutumie pesa ununue mwenyewe.

Namba yako ya siri usimpe mjukuu, hata awe mwema kiasi gani. Akusaidie kufika kwenye ukurasa wa kulipa, kisha simu irudi mkononi mwako uiandike wewe. Mjukuu anayekuheshimu atageuza uso bila kuambiwa.

Mama yangu anaagiza kila siku. Maboksi yamejaa chumbani. Nimkataze?

Kaa naye kwanza. Mara nyingi maboksi yanaeleza jambo jingine. Baba amefariki, watoto wamehama, siku ni ndefu, na bodaboda anayegonga geti ni mtu wa kuongea naye. Muuzaji anayejibu "Karibu mama, umeamkaje?" kila asubuhi anaweza kuwa ndiye pekee aliyemuuliza hivyo siku hiyo. Ukimnyang'anya simu umemwondolea na hao.

Mtembelee zaidi, au mpigie kwa wakati unaojulikana. Halafu mzungumze kuhusu pesa kwa heshima, kama unavyozungumza na mtu mzima mwenye fedha zake. Watu wengi husaidiwa na kutenga akaunti: pesa ya matumizi ya mtandaoni ya mwezi inakaa kwenye laini moja, ikiisha imeisha, pensheni inabaki kwingine isiguswe. Wengine huandika wanachokitaka kwenye daftari na kukirudia baada ya siku tatu. Vingi hufutwa na mwenyewe. Ukiona ananunua kitu kile kile mara kadhaa bila kukumbuka, au anachanganyikiwa na hela alizozimudu zamani, hilo ni la kumpeleka kwa daktari, kwa upole, mapema.

Kimekuja kibovu, au sicho nilichoagiza.

Kipige picha siku hiyo hiyo, pamoja na boksi, umtumie muuzaji na kumwambia unachotaka: kubadilishiwa au kurudishiwa pesa. Sema kimoja. Duka kubwa lina masharti yake ya kurudisha na siku zake, yasome kabla ya kununua na usikate lebo. Muuzaji mdogo akikuzungusha, mwambie utaandika ukweli kwenye ukurasa wake, na uandike kweli, bila matusi. Bidhaa bandia Tanzania hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Wizi wa wazi ni wa polisi, ukiwa na ujumbe wa malipo na mazungumzo yote ambayo hukuyafuta.

Sina mtoto wala mjukuu wa karibu. Nianze na nini?

Anza na duka ambalo tayari wanakujua. Nenda kwa miguu yako, chukua namba ya mwenye duka, iandike kwenye simu kwa jina lake. Wiki ijayo, badala ya kwenda, mtumie sauti: "Habari za asubuhi, naomba uniletee sukari kilo mbili na mche wa sabuni, nitalipa nikipokea." Vikifika, kagua, lipa kwa simu, soma jina kabla ya kukamilisha malipo. Rudia mpaka mkono uzoee. Siku ukitaka kitu ambacho duka lile hawana, muulize mwenye duka yeye hununua kwa nani.